Kwa nini hakuna anayekuja mezani kwako: kula kwenye pabu ya Kiingereza

Mara ya kwanza kuingia pabu ya kijijini, huko Oxfordshire, nilikaa mezani dakika thelathini na tano nikisubiri kuhudumiwa. Menyu ilikuwa imesimamishwa katikati ya meza pamoja na chumvi, siki na chupa ya sosi ya kahawia. Wahudumu walipita na sahani kuelekea kwa wengine, kila mmoja akanitabasamia, hakuna aliyesimama. Nikaanza kuhesabu: humu ndani weusi tuko wangapi? Mmoja, ndiye mimi. Nikaona jibu nimelipata, nikavuta koti niondoke. Ndipo mzee wa meza ya jirani, mwenye mbwa aliyelala juu ya viatu vyake, akainama upande wangu na kuniambia taratibu kwamba chakula huagizwa kaunta.

Shaka yangu haikuwa ya bure, na nitaieleza huko mbele. Ila siku ile kosa lilikuwa langu: niliingia pabu nikakaa kama mtu aliyeingia mgahawani. Pabu huuza chakula, na siku hizi nyingi zinaishi kwa chakula hicho, lakini si mgahawa, na wala si baa kama tunayoijua sisi. Mambo yake yanayomtatiza mgeni yana sababu, na nyingi ya sababu hizo si adabu wala mila. Ni sheria za vileo, kodi za pango na mikataba ya bia.

Nyumba, kisha kaunta

Jina lake kamili ni "public house", nyumba ya umma, na neno la kushika hapo ni nyumba. Zamani England ilikuwa na nyumba za aina tatu. Zilikuwepo za wasafiri, zenye kitanda, chakula na zizi la farasi. Zilikuwepo za divai, mijini, kwa wenye fedha. Na zilikuwepo za pombe, ambazo mara nyingi zilikuwa kibanda cha mtu aliyepika pombe yake na kuiuza hapo hapo anapoishi. Aliyewahi kupita kwa mama muuza mbege au busaa hahitaji maelezo. Tangu 1552 muuza pombe alitakiwa kupata leseni kwa mahakimu. Kisha mwaka 1830 Bunge likalegeza: mlipa kodi yeyote angeweza kutoa gini mbili, yaani pauni mbili na shilingi mbili, akapata kibali cha kupika na kuuza bia nyumbani kwake. Ndani ya miaka michache makumi ya maelfu ya watu walifanya hivyo. Sebule zikawa mahali pa kunywea, na mpaka leo pabu nzuri hujitahidi kufanana na sebule: zulia, moto wa kuni, viti visivyolingana, picha za farasi ukutani.

Katika nyumba za kale hapakuwa na kaunta. Ulikaa, kijana wa kazi akateremka stoo ya chini ya ardhi, akarudi na jagi. Kwa hiyo ile huduma ya mezani niliyokuwa naisubiri iliwahi kuwepo kweli, ila nilichelewa kama miaka mia mbili. Kilichoiondoa ni pampu na jini, yaani ile pombe kali (gin). Mwaka 1797 mvumbuzi Joseph Bramah alipata hataza ya pampu ya mkono, bia ikawa inavutwa kutoka kwenye mapipa ya chini hadi juu bila mtu kushuka ngazi. Wakati huo huo maduka ya jini ya London, yaliyokuja kung'aa kwa vioo na taa za gesi, yalikuwa yanauza kama duka lolote: kaunta ndefu, mteja amesimama, fedha mkononi. Pabu zikaiga, kijana wa jagi akakosa kazi.

Neno letu baamedi limetoka huko huko, lakini njiani limebadili kazi. Kwao ni mwanamke anayesimama nyuma ya kaunta akijaza glasi. Kwetu ni yule anayezunguka mezani na trei, akufungulie chupa mbele yako na kukuuliza ya moto au ya baridi. Tulichukua neno, kaunta tukawaachia. (Na wao swali la moto au baridi hawalijui. Bia yao ya asili, ile ya pipa inayovutwa kwa pampu, hutunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi za Selsiasi. Kwa mnywaji wa Kariakoo hiyo ni ya moto, na usipoteze muda kuomba barafu.)

Basi utaratibu uko hivi. Ukiingia, tazama kama kuna kibao kinachokutaka usubiri kupelekwa mezani. Kikiwepo, hiyo ni sehemu ya mgahawa ndani ya pabu, na desturi ni za mgahawa. Kisipokuwepo, jitafutie meza isiyo na karatasi ya kuwekewa mtu, soma namba yake, ambayo huwa kwenye kibati kilichopigiliwa pembeni au imeandikwa kwenye kijiko cha mti, acha mwenzako au koti lako hapo, uende kaunta. Unataja namba, unataja chakula na vinywaji, unalipa papo hapo, au wanashika kadi yako ulipe mwishoni. Vinywaji unabeba mwenyewe, chakula kitakufuata. Kuifikia kaunta ukiwa umesahau namba ya meza ni aibu ndogo ambayo imemkuta kila mtu.

Kaunta haina mstari, ila foleni ipo. Waingereza, ambao husimama mstari hata wakiwa wawili, hapa hujipanga ubavu kwa ubavu, na kila mmoja anajua kichwani nani alimtangulia. Mhudumu akikufikia kabla ya zamu yako, unamwonyesha aliyekuja mbele yako, na kwa tendo hilo moja unakuwa mtu wa pale. Mluzi, noti ya kupungwa hewani, au ile "dada!" ya kwetu, vyote vitakuchelewesha. Simama, shika kadi, mtazame machoni.

Wakati wa korona desturi hii iligeuzwa kwa amri. Kuanzia Septemba 24, 2020 pabu za England ziliruhusiwa kuhudumia mezani tu, na ndipo programu za simu za kuagizia chakula ziliposhika kasi. Amri iliondoka Julai 2021 na watu wakarudi kusimama kaunta. Programu zimebaki kwenye pabu nyingi, hasa za makampuni makubwa, na mgeni mwenye haya huzipenda.

Kengele ya vita

Siku ile, nilipofika kaunta hatimaye, jiko lilikuwa limefungwa dakika tano nyuma. Ilikuwa saa nane na nusu mchana na dakika tano. Pabu yenyewe ingebaki wazi hadi saa tano usiku, lakini chakula kingerudi saa kumi na mbili jioni. Nikanunua paketi ya krispi.

Saa hizo zina historia ya ajabu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, serikali ilijipa mamlaka makubwa, na mwaka uliofuata ikaunda bodi ya kudhibiti vileo. David Lloyd George, aliyekuwa waziri wa fedha, alihesabu ulevi miongoni mwa maadui wa taifa, pamoja na Wajerumani na Waaustria, na akasema ndio mkubwa kuliko wote. Hofu ilikuwa kwamba mfanyakazi wa kiwanda cha silaha akinywa mchana, mizinga haitakwenda. Basi pabu zikaruhusiwa kuuza vileo kuanzia saa sita mchana hadi saa nane na nusu, kisha saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa tatu na nusu. Vita viliisha 1918, ila kufunga alasiri kukaendelea England mpaka 1988, na kwa Jumapili mpaka 1995. Tangu Novemba 2005 kila pabu ina saa zake kwenye leseni yake. Saa za jikoni bado zinafanana mno na zile za vita. Sidhani ni urithi mtupu, maana mpishi naye ni binadamu na saa tisa alasiri anataka kukaa. Lakini taifa lililozoeshwa kwa miaka zaidi ya sabini kwamba alasiri pabu imefungwa halishangai jiko likifungwa.

Bodi ile ile ilifanya jambo jingine ambalo sijawahi kumsimulia Mswahili asicheke. Oktoba 1915 ilipiga marufuku London kumnunulia mwenzako kinywaji. Raundi, ile desturi ya kila mtu kununulia kundi zima kwa zamu, ikawa kosa la jinai, kwa sababu raundi ya watu wanne humlazimisha kila mmoja kunywa glasi nne. Marufuku yakaenea sehemu nyingine, na mwaka 1916 huko Southampton mume alitozwa faini kwa kumnunulia mkewe divai, japo alijitetea kwamba mke ndiye aliyempa fedha. Kulikuwa na mwanya mmoja: kama kinywaji kilikuwa sehemu ya mlo ambao mwenyeji ndiye anayelipia, hakuna kosa.

Huo mwanya ni wa kutazama vizuri, kwa sababu unajirudia karne nzima. Sheria ya Kiingereza imekuwa ikiiamini bia iliyoandamana na chakula kuliko bia peke yake. Hata leo kijana wa miaka 16 au 17 haruhusiwi kununua kileo, ila akiwa mezani na mtu mzima, na wanakula mlo, mtu mzima anaweza kumnunulia bia, divai au saida, yaani pombe ya tufaha. Na mwishoni mwa 2020, maeneo yenye masharti ya kati ya korona yaliporuhusiwa kuuza vileo pamoja na "mlo wa kutosha" tu, nchi nzima ikaanza kubishana mlo wa kutosha ni upi. Waziri George Eustice alisema redioni kwamba yai la Kiskoti, yaani yai la kuchemsha lililovikwa nyama ya soseji na chenga za mkate kisha likakaangwa, pengine linatosha kama limeletwa mezani. Wiki nzima magazeti hayakuzungumza kingine. Kwa mgeni ulikuwa mzaha, lakini kwa mwenye pabu lile yai ndilo lililoamua kama mlango ufunguliwe au ubaki na kufuli.

Kwa nini mwenye pabu anakutaka ule

Nje ya pabu nyingi pameandikwa "Free House". Rafiki yangu wa Mombasa alitafsiri alivyoona, "nyumba ya bure", akaingia na furaha. Maana yake ni kwamba pabu hiyo iko huru, haijafungwa kwa mkataba na kiwanda cha bia.

Na zilizofungwa ni nyingi. Kwa muda mrefu viwanda vya bia ndivyo vilivyomiliki majengo. Anayekukaribisha kaunta huwa ni mpangaji: analipa kodi ya pango, na mkataba unamtaka anunue bia kwa mwenye nyumba wake, mara nyingi kwa bei iliyo juu ya ile ambayo angeipata sokoni. Mwaka 1989, baada ya tume ya ushindani kuona kwamba viwanda sita vikubwa vimelishika soko, serikali iliamuru kiwanda chenye pabu zaidi ya 2,000 kifungue nusu ya zile zilizozidi idadi hiyo. Viwanda vikaamua kuuza. Walionunua, kwa sehemu kubwa, ni kampuni zisizopika bia hata lita moja, ambazo kazi yao ni kumiliki pabu, nazo zikaendelea na sharti lile lile la bia. Aliyekusudiwa kuokolewa akabadilishiwa bwana. Tangu 2016 England na Wales zina kanuni zinazompa mpangaji wa kampuni kubwa haki ya kuomba kodi ya soko isiyo na sharti la bia, ingawa kuomba kwenyewe kunahitaji moyo na wakili.

Sasa jiweke mahali pa mpangaji huyo. Bia unainunua ghali, na supamaketi ya mtaa wa pili inaiuza kwa bei usiyoiweza. Tangu 1967 polisi humpima dereva pumzi, na pabu ya kijijini inayofikiwa kwa gari ikapungukiwa na wanywaji wake. Tangu Julai 1, 2007 sigara ni marufuku ndani ya pabu za England. Nini kimebaki ambacho ni chako? Jiko. Sharti la mkataba kwa kawaida linahusu vinywaji. Viazi halivigusi. Faida ya sahani moja ya pai inabaki mfukoni mwa aliyeipika, na anayekula hukaa saa mbili, huleta watoto na bibi, na hata dereva wao hunywa soda.

Ndiyo maana pabu ambayo zamani ilikuwa na mtungi wa mayai ya siki na pai baridi ya nguruwe leo ina menyu. Mabadiliko hayakuja siku moja. Miaka ya 1950 ndugu wawili, Frank na Aldo Berni, walianza Bristol kuuza steki, chipsi na njegere kwa bei ya kueleweka ndani ya majengo ya pabu za kale. Miaka ya 1960 ikaja kuku na chipsi kwenye kikapu. Mwaka 1991 Mike Belben na David Eyre walichukua pabu iitwayo The Eagle, barabara ya Farringdon, London, wakaweka jiko nyuma ya kaunta mbele ya macho ya watu, menyu wakaiandika kwa chaki, na chakula kikawa cha mpishi wa kweli bila kitambaa cheupe mezani. Mtindo huo ukaenea nchi nzima, na kufikia toleo la 2012 la mwongozo wa Michelin, unaoipa nyota migahawa bora, pabu moja ya mji wa Marlow, The Hand and Flowers ya Tom Kerridge, ilikuwa na nyota mbili, ya kwanza kufika hapo.

Lakini usidanganyike na chaki. Pabu nyingi hupokea chakula kilichopikwa kiwandani, kikiwa kimegandishwa, kazi ya jikoni ikawa kukipasha. Kipimo changu ni rahisi: menyu yenye kurasa nyingi, yenye kari, pizza, lasanya na pai zote pamoja, inatoka kwenye friza. Menyu fupi, yenye kitu kimoja kilichofutwa kwa sababu kimekwisha, ina mpishi.

Menyu inasema nini

Majina yatakupoteza, kwa hiyo twende polepole. Chipsi ni chipsi, hapo sisi na wao ni kitu kimoja, na krispi pia. Lakini "roast" siyo rosti yetu. Kwetu rosti ni nyama iliyozama kwenye mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu. Kwao ni pande zima la nyama lililookwa ovenini, likakatwa vipande vyembamba, na mchuzi huja pembeni, mwembamba wa kahawia, uliotokana na maji ya ile nyama. Huu ndio mlo wa Jumapili, na kama utakula pabu mara moja tu maishani, nenda Jumapili. Weka nafasi mapema, maana huanza saa sita na huisha nyama inapoisha. Ng'ombe huja na sosi nyeupe ya mzizi unaopanda puani, kondoo huja na sosi ya nanaa, nguruwe na tufaha la kupondwa. Viazi vimeokwa kwenye mafuta mpaka ngozi inalia ukiikata. Juu kabisa kuna kitu kilichovimba kama kofia: pudini ya Yorkshire.

Pudini hiyo si tamu. Ni rojo la unga, mayai na maziwa lililomiminwa kwenye mafuta ya moto. Zamani iliwekwa chini ya nyama inayookwa ili idake mafuta yanayodondoka, kisha ililiwa kwanza, kabla ya nyama, ili watu washibe na nyama itoshe. Mama yeyote aliyewahi kuwagawia watoto ugali mwingi na mchuzi kidogo anaujua ujanja huo. Neno pudini lenyewe ni fujo: laweza kuwa kitindamlo chochote, laweza kuwa hii ya Yorkshire, laweza kuwa nyama na figo zilizofungwa ndani ya unga wa shahamu na kupikwa kwa mvuke, na ile "nyeusi" ni soseji ya damu.

Pai nayo ina mashtaka yake. Wenye msimamo mkali husema pai lazima iwe na ganda la unga chini, pembeni na juu. Bakuli la nyama lenye kifuniko cha unga juu tu wanaliita ulaghai, nami nimekubali upande wao baada ya kulipia vifuniko vingi. Kisha kuna "pai" mbili zisizo na unga kabisa, za nyama ya kusaga iliyofunikwa na viazi vya kuponda: ya mchungaji ni kondoo, ya kibanda ni ng'ombe. Na "chura shimoni" hana chura. Ni soseji ndani ya rojo lile lile la Yorkshire.

Mlo wa mkulima, yaani jibini, mkate, kitunguu cha siki na achari tamu, unaonekana kama wa tangu enzi za majembe. Mkate na jibini kweli ni chakula cha zamani, lakini kuviweka kwenye menyu ya pabu kwa jina hilo ni kazi ya wauzaji wa jibini na maziwa, miaka ya 1950 na 1960. Hauna ubaya, ila usiupige picha kama mambo ya kale.

Kwa kitindamlo chagua keki ya moto ya tofi. Hoteli ya Sharrow Bay, kando ya ziwa Ullswater kaskazini mwa England, ndiyo iliyoipa umaarufu miaka ya 1970. Inanata, ni nyeusi, inaogelea kwenye sosi ya sukari na krimu, na unyevu wake wote umetoka kwenye tende. Nimeona mtu wa Muscat akiionja, akafumba macho na kuuliza ni nani aliyewafundisha hawa.

Asiyekula nguruwe, asiyekunywa

Hapa nitakuwa wazi, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili wanaulizia hili kabla ya mengine. Pabu ya kawaida haina nyama halali, isipokuwa imesema. Soseji isiyotajwa jina ni ya nguruwe. Bia huingia jikoni pia: kwenye pai ya steki, na mara nyingi kwenye rojo la kukaangia samaki. Samaki na chipsi, hasa pande za Yorkshire, hukaangwa kwenye mafuta ya ng'ombe, na karai moja laweza kupika kila kitu. Pudini ya Krismasi imelowa brandi. Sheria inamtaka mwenye pabu akuambie vyakula 14 vinavyosababisha mzio, na watakupa faili uisome, lakini nguruwe na pombe havimo kati ya hivyo 14. Uliza kwa mdomo wako. Hawaoni ajabu, wamezoea wasiokula nyama kabisa, na menyu zao karibu zote zina alama ya V. Maji ya bomba ni bure ukiomba, ni sharti la leseni England na Wales.

Na kuna pabu za namna nyingine, na hapo ndipo ile shaka yangu ya Oxfordshire inapata kwao. Miaka ya 1960 pabu nyingi zilikuwa na vyumba ambavyo watu weusi na Wahindi hawakuruhusiwa. Februari 1965 Malcolm X, mpigania haki za weusi wa Marekani, alikwenda Smethwick, karibu na Birmingham, kujionea ubaguzi wa mji ule, akakataliwa huduma kwenye chumba kimoja cha pabu. Desemba mwaka ule ule Uingereza ikawa na sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi mahali pa umma. Wapunjabi wa Smethwick na West Bromwich walifanya la ziada: kadiri miaka ilivyokwenda walianza kuzichukua pabu zenyewe. Leo unaingia jengo lenye kaunta ya mbao na madirisha ya rangi, unanusa mishikaki na naan, na televisheni inaonyesha kriketi. Ukitokea Mombasa au Dar utajihisi nyumbani mapema kuliko Mwingereza wa Oxfordshire. Halali, hata hapo, uliza.

Kulipa

Kwa kuwa umeshalipa kaunta, hakuna bili ya kusubiri. Unainuka unakwenda. Bakshishi si lazima ulipoagiza mwenyewe. Palipo na huduma ya mezani, London hasa, tazama chini ya risiti kama wameongeza ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, na kama huduma haikukupendeza waweza kuomba iondolewe. Tangu Oktoba 2024 mwajiri hana ruhusa ya kubakiza sehemu ya fedha hiyo. Aliyekuhudumia vizuri kaunta hapewi sarafu mkononi: wakati wa kulipa unamwambia "na yako moja", naye huongeza bei ya kinywaji kimoja, akinywe baadaye au akiweke fedha. Ukiondoka, rudisha glasi kaunta. Hakuna anayekulazimisha, na wote wanaona.

Usiku kengele hulia mara mbili. Ya kwanza ni nafasi ya mwisho ya kuagiza, ya pili ni kwisha.

Nilirudi Oxfordshire Jumapili iliyofuata, saa sita na nusu mchana, nikiwa nimeweka nafasi. Meza namba tisa. Mbwa alikuwa amelala palepale, mzee ameshika glasi iliyobaki kidole kimoja, na wiki nzima nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kujua kwamba raundi ile ilikuwa ya kwangu.